KADHI SHURAIH: HAKI HAINA UNDUGU

Ndugu wanafunzi na wazazi, mwaka huu tumechagua kuwasimulia maisha ya Kadhi Shuraih bin al-Harith, tabii mwenye asili ya Yemen.

Sayyidna Umar (R.A) ndiye aliyemteua kuwa kadhi wa mji wa Kufa, Iraq. Imesimuliwa kwamba Umar alichukua farasi wa mtu kwa majaribio, farasi akaumia. Shuraih alipofanywa mwamuzi, akaamua dhidi ya Khalifa. Umar hakukasirika, bali alimpa ukadhi, naye akaushika kwa miaka mingi hadi zama za Bani Umayya.

Katika ukhalifa wake, Sayyidna Ali (R.A) alidai deraya yake iliyokutwa kwa raia asiyekuwa Mwislamu. Miongoni mwa mashahidi wake alikuwa mwanawe, Hasan. Shuraih akaukataa ushahidi huo, na deraya ikabaki kwa mshitakiwa. Hakumtuhumu Hasan kwa uongo. Alichokataa ni mtoto kumshuhudilia baba yake.

Hata nyumbani kwake alikuwa hivyo. Mwanawe alimdhamini mtu, na mtu yule akatoroka. Shuraih akamfunga mwanawe gerezani, kisha akawa anampelekea chakula huko huko.

Jambo hili halijapitwa na wakati. Mwaka 1998 majaji wakuu wa Uingereza walitoa hukumu dhidi ya Pinochet, aliyewahi kuitawala Chile. Baadaye ikabainika kuwa jaji mmoja alikuwa na uhusiano na Amnesty International, iliyoshiriki katika kesi ile, naye hakuutaja. Hukumu ikafutwa na kesi ikasikilizwa upya, ingawa haikuthibitishwa kwamba alipendelea. Kunyamaza kwake kulitosha kuitia shaka.

Hapa kwetu Tunduma, mji wa mpakani, biashara nyingi ni za ndugu na jamaa, na mizozo yake hufikishwa kwa wazee na masheikh. Anayeombwa kuamua, ikiwa ana hisa, deni au undugu na upande mmoja, aseme mapema na ajitoe. Asijitetee kwamba moyo wake ni safi, kwani aliyeshindwa hawezi kuuona moyo huo.

Nanyi wanafunzi, anzeni na mambo madogo: ukiombwa uwe refa na kaka yako anacheza, mpishe mwingine.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu. Amin.