Karl Weule: Mjerumani aliyenasa sauti za Masasi na Newala kwenye nta

Na Mwandishi Wetu, Masasi

ABIRIA wa basi la Lindi kwenda Masasi wakifika Nanganga, panapochepuka barabara ya Ruangwa, husikia muziki wa vibandani hata kabla ya gari kusimama. Kinanda, ngoma na mwimbaji vyote husikika kwa nguvu karibu sawa.

Hiyo ni kazi ya fundi mitambo. Kabla ya kuutoa wimbo studio, huupitisha katika kompresa, kifaa kinachoshusha sauti iliyozidi ili ile hafifu nayo ipate nafasi ya kupandishwa. Mafundi hubishana sana juu ya kompresa ipi inafaa, na wapo wanaozifungua na kubadilisha vipuri vya ndani ili zitoe sauti waitakayo.

Mwaka 1906 bonde hili la mto Lukuledi lilishuhudia msafara wa mtu aliyekabiliwa na tatizo hilo hilo pasipo kifaa chochote cha namna hiyo. Mtu huyo ni Karl Weule, ambaye jina lake halikwepeki kwa yeyote anayesoma historia ya Wamakonde, Wayao na Wamakua.

Weule alizaliwa Februari 29, 1864 huko Alt-Wallmoden, kijiji cha kaskazini mwa Ujerumani. Alisomea jiografia, akafanya kazi katika jumba la makumbusho la Berlin, na mwaka 1899 akahamia makumbusho ya Leipzig. Hadi hapo maisha yake yalikuwa ya makabati na madaftari.

Safari ya Afrika haikupangwa iwe ya kusini. Serikali ya kikoloni ilikusudia kumpeleka Irangi, upande wa kaskazini, lakini machafuko yaliyozuka huko yaliifunga njia hiyo. Akaelekezwa Lindi. Tangu hapo alikwenda Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta kati ya Julai na mwishoni mwa mwaka huo.

Alifika katika nchi yenye majeraha. Vita vya Majimaji vilikuwa vimezuka mwaka uliotangulia. Misheni ya Nyangao ilikuwa magofu, na ile ya Waingereza pale Masasi ilikuwa imechomwa. Yeye mwenyewe aliwaona wafungwa wakiwa katika minyororo huko Lindi. Alitembea na askari na wapagazi, chini ya kivuli cha dola iliyokuwa imetoka kuwapiga watu hao hao aliotaka wamwimbie. Ni vigumu kujua nani aliimba kwa hiari na nani kwa kuogopa bunduki, na msomaji wa vitabu vyake hana budi kulikumbuka hilo kila ukurasa.

Mizigoni mlikuwa na kamera, mtambo wa picha za sinema, na fonografu. Kwa sinema peke yake anahesabiwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kupiga picha zinazotembea Afrika Mashariki. Lakini ni fonografu inayotuhusu hapa.

Chombo hicho hakikutumia umeme. Mwimbaji aliimba ndani ya pembe pana. Sauti ikatikisa utando mwembamba. Utando ukaisukuma sindano, nayo ikachimba mfereji juu ya mrija wa nta uliokuwa ukizunguka. Mrija mmoja ulichukua dakika mbili au tatu tu. Ngoma ya usiku kucha ililazimika kukatwa vipande kama muwa.

Kasoro kubwa ilikuwa katika nguvu ya sauti. Mtu akiimba chini chini, sindano haikuchimba kitu cha maana, na wimbo ulimezwa na mkwaruzo wa nta yenyewe. Akipaza mno, sindano iliruka au sauti ikapasuka. Palipokosekana kifaa cha kusawazisha, kilichobaki kilikuwa umbali: mwenye sauti nyembamba husogezwa karibu na pembe, mwenye kifua hurudishwa nyuma, na wapiga ngoma huwekwa mbali zaidi. Fundi alikuwa kompresa yeye mwenyewe, kwa macho, mikono na hatua za miguu.

Joto nalo lilikuwa adui, kwa kuwa nta hulainika. Yeyote anayeijua Lindi ya mchana ataelewa kwa nini baridi ya usiku ya Newala, juu ya nyanda, ilikuwa rafiki wa kazi hiyo.

Tatizo jingine ni mwendo. Mrija ukizungushwa kasi zaidi wakati wa kusikiliza, mzee huimba kama mtoto. Ndiyo maana wataalamu wa Berlin waliwaagiza wasafiri wapulize firimbi ya noti moja inayojulikana mwanzoni mwa kila mrija, ili baadaye mwendo sahihi upatikane.

Aliporudi, Weule alikabidhiwa ukurugenzi wa makumbusho ya Leipzig mwaka 1907. Mwaka 1908 alichapisha taarifa yake ya kitaalamu pamoja na kitabu cha safari kwa wasomaji wa kawaida, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner mwaka 1909. Mwaka 1920 akawa profesa kamili. Alifariki mwaka 1926, jengo jipya la makumbusho yake, Grassi, likiwa bado linajengwa; lilikamilika mwaka 1929.

Mirija ilikuwa na safari yake. Katika Jalada la Fonogramu la Berlin, lililoanzishwa na Carl Stumpf mwaka 1900, nta ilitengenezewa kalibu ya shaba, na katika kazi hiyo mrija wa kwanza uliharibika. Baada ya Vita Kuu ya Pili sehemu kubwa ya hazina ya jalada hilo ilichukuliwa na Wasovieti, ikarudishwa Berlin Mashariki, na kuunganishwa na iliyobaki Magharibi mwaka 1991. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Leo sauti kama hizo huhamishiwa kwenye kompyuta, na hapo fundi wa sasa anarudi kwenye mzozo ule ule. Akiibana sauti ili mwimbaji asikike vyema, mkwaruzo wa nta nao hupanda pamoja naye. Akiuchuja mkwaruzo kupita kiasi, anaondoa pumzi na herufi za mwimbaji, na Kiyao au Kimakua huanza kusikika kama mtu anenaye kutoka ndani ya mtungi. Na ule mngurumo mzito wa ngoma, ambao pembe ya mwaka 1906 haikuweza kuupokea, hauna kompresa ya kuurudisha, kwani haukuwahi kuchimbwa kwenye nta.