Msiri na Waya wa Shaba

Kwenye mafunzo kwa vitendo mwaka jana nilipewa kazi ambayo mwanafunzi wa umeme hupewa ili asiharibu kitu: kumenya kebo. Ilikuwa kebo ya udhibiti, ile yenye nyaya nyingi nyembamba ndani ya ganda moja, kila waya na namba yake. Wengi wetu tunajua kebo nene inayolisha mota, lakini mota hiyo haijui lini iwake na lini isimame mpaka hizi nyembamba ziilete habari. Unabonyeza kitufe huku, mkondo mdogo unapita kwenye waya wa milimita mraba 1.5, kontakta inavuta kule, na mkanda wa kubebea miwa au saruji unaanza kutembea. Ukizilaza bega kwa bega na kebo za nguvu, ishara inachafuka, ndiyo maana nyingine huvikwa wavu wa shaba juu ya nyaya zake.

Waya wa kwanza ulipotoka kwenye ganda, mwekundu unaong'aa, nikakumbuka kikopo cha bibi yangu kule Ntalikwa, Tabora. Ndani yake mlikuwa na masambo, vikuku vya waya mwembamba wa shaba alivyorithi kwa wakubwa zake. Tulipomuuliza vilitoka wapi alionyesha upande wa magharibi tu, kama mtu anayeonyesha kisima. Baadaye, katika kusoma, nikakutana na mtu ambaye pengine ndiye aliyepaswa kutajwa siku ile ya kwanza ya somo la vipitishi. Huyo ni Msiri.

Alizaliwa karibu mwaka 1830 magharibi mwa Tabora, kwa Wasumbwa, ndugu wa Wanyamwezi. Jina lake la nyumbani lilikuwa Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa shaba. Hapo naomba msomaji atulie kidogo, maana tumezoea kufikiri njia ya misafara ya Unyamwezi ilikuwa na mwelekeo mmoja, yaani pembe na watumwa kuteremka Bagamoyo, nguo na shanga kupanda. Wapo waliokwenda kinyume. Msafara wa Kalasa ulizunguka kusini mwa Ziwa Tanganyika, ukapita nchi ya Mwata Kazembe, ukaingia Katanga kununua shaba na kuirudisha huku kwetu. Kijana Ngelengwa aliijua njia hiyo kwa miguu yake.

Katikati ya miaka ya 1850 alikwenda akabaki. Alikuwa na watu wachache, lakini walikuwa na bunduki, na wenyeji hawakuwa nazo. Machifu wa huko walikuwa wakisumbuliwa na Waluba. Yeye akawasaidia kuwafukuza. Msaada huo ulikuwa na bei. Kidogo kidogo aliyekuwa mgeni akawa mlinzi, mlinzi akawa mwenye nchi, na machifu waliompokea wakajikuta wanampelekea kodi. Wafuasi wake wakaitwa Wayeke, nchi ikaitwa Garenganze, na mji mkuu ukawa Bunkeya. Kazembe, aliyekuwa akihesabu sehemu hizo kuwa zake, alikatiwa njia.

Sasa tuje kwenye waya. Watu wa Katanga walikuwa wakiyeyusha shaba muda mrefu kabla yake. Walichukua mawe ya kijani, wakayapika kwa makaa tanuruni, wakamimina shaba kwenye vitupio vya umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha. Wayeke ndio walioleta ufundi wa kuvuta waya. Fimbo ya shaba ilifuliwa ikawa nyembamba, ncha ikachongwa, ikapitishwa kwenye tundu la kipande cha chuma, halafu ikavutwa kwa nguvu za wanaume. Kisha tundu dogo zaidi, na jingine dogo zaidi. Shaba ikivutwa hukakamaa, kwa hiyo lazima uirudishe motoni ilainike ndipo uendelee, la sivyo itakatika. Aliyeingia kiwanda cha kebo leo ataona kitu hichohicho: tundu, mvuto, joto, tundu. Mashine zimebadilika, na tundu limekuwa gumu zaidi. Mimi niliandika kwenye mtihani kana kwamba jambo hili lilianzia Ulaya, na nikapata alama zote.

Sitaki kumpamba mzee huyu. Utajiri wa Bunkeya haukuwa shaba na chumvi tu. Ulikuwa pia pembe za ndovu na watu waliofungwa kamba. Alipata bunduki na baruti kutoka pande mbili za bara, kwa wafanyabiashara wa Angola na kwa wale wa pwani yetu, na alioa wanawake wengi ili kuunganisha biashara na utawala. Mmoja wao, Maria de Fonseca, alitoka upande wa Wareno. Wageni waliofika walikuta mafuvu ya watu kwenye nguzo za boma. Mmisionari Mskoti Frederick Arnot alifika mwaka 1886 akaruhusiwa kukaa, lakini utawala uliendelea kuwa ule ule. Kufikia 1891 Wasanga, wenye nchi wa zamani, walikuwa wameasi.

Na wakati huohuo Wazungu wawili walikuwa wanashindania ardhi yake bila yeye kuuza: Cecil Rhodes kutoka kusini na Leopold, mfalme wa Ubelgiji, kutoka Kongo. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alileta mkataba wa Waingereza, Msiri akaukataa. Mwaka uliofuata wajumbe wa Leopold walikuja mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa Kapteni William Stairs, aliyezaliwa Kanada. Huyu msafara wake ulianzia pwani yetu, ukapita Tabora, ukavuka ziwa. Yaani waliokwenda kummaliza walipita mtaani kwao.

Walifika Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891. Msiri alikataa bendera ya Leopold, akatoka mjini na kwenda kijiji cha jirani. Tarehe 20 Kapteni Omer Bodson alitumwa kumleta. Mabishano yakageuka risasi. Bodson akampiga Msiri akafa palepale, naye Bodson akapigwa na mlinzi, akafa usiku ule. Mtoto wa Msiri, Mukanda Bantu, alirithi kiti kidogo kuliko cha baba yake.

Mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1911 tanuru lake la Lubumbashi likaanza kutoa shaba. Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960, bendera yake ilichorwa misalaba mitatu ya shaba, na waziri wake wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, alikuwa mzao wa Msiri. Shaba yenyewe siku hizi hupita Tunduma kwenye malori, mabamba yamefungwa kwa mikanda ya chuma, kuelekea bandari ya Dar es Salaam, kisha ng'ambo. Hurudi ikiwa imevutwa, imevikwa plastiki na kuandikwa namba.

Kikopo cha bibi kipo bado. Likizo nilipima waya wa kikuku kimoja kwa kipimo changu cha kazini. Ni mwembamba kuliko ule niliomenya.