Jaji Nyalali na Msingi wa Haki ya Dhamana

Marehemu Jaji Francis Nyalali (1935–2003) alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia mwaka 1977 hadi 2000.

Aliteuliwa katika mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mahakama yake ya rufani ikafikia kikomo. Mwaka 1979 ilianzishwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo tafsiri zake za sheria huzifunga Mahakama Kuu na mahakama zote za chini.

Uzito wa ngazi hizo ulidhihirika mwaka 1991, katika Rufaa ya Jinai Namba 28 ya mwaka 1990. Jaji Nyalali na majaji wenzake wawili walibatilisha kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kifungu hicho kilizuia dhamana kwa upana uliowakumba hata washtakiwa wasio hatari kwa jamii, kinyume cha Katiba.

Kwa kuwa uamuzi huo ulitoka katika mahakama ya juu kabisa nchini, umeendelea kurejewa katika mashauri ya dhamana. Hivyo, raia aliye mahabusu akisubiri kusikilizwa bado ananufaika na kazi ya jaji huyo.