MWANDISHI WA HABARI ZA DAMU KATIKA USAMBARA

Kila gazeti litoapo habari ya mauaji, msomaji huuliza mambo matatu: nani amekufa, nani amemwua, na kwa sababu gani. Katika milima ya Usambara kazi ya kuyajibu maswali hayo ilianza kabla nchi haijazoea magazeti. Aliyeifanya ni marehemu Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, na twapenda kuyakumbuka maisha yake leo kwa faida ya vijana wanaojifunza uandishi.

Abdallah alikuwa mtu wa pwani na Mwislamu. Alikaa na Wakilindi, watawala wa Usambara, akamtumikia Semboja huko Mazinde, penye njia ya misafara iliyotoka Pangani kwenda bara. Mengine aliyasikia kwa wazee, mengine aliyashuhudia mwenyewe. Mwishowe aliyaandika katika kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichopigwa chapa na wamisioni wa Magila katika sehemu tatu: mwaka 1895, 1904 na 1907. Hivyo kazi ya Mwislamu ilihifadhiwa na mitambo ya Wakristo.

Tuliangalie jina la kitabu hicho. Hakukiita hadithi wala sifa, alikiita habari. Kinaanza na Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu akawa mfalme wa Vugha, kikaendelea hadi Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Krapf alimzuru mwaka 1848. Kimweri alipofariki mwaka 1862, amani iliondoka naye. Semboja, mwanawe, alimpiga vita Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri aliyeirithi enzi, akamfukuza Vugha na kumweka hapo mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu. Nao Wabondei, waliochoka kuuzwa utumwani, waliwaondokea Wakilindi na kuwaua. Watu walitekwa, wakapelekwa pwani kuuzwa.

Mambo haya yote Abdallah aliyaandika. Hapo ndipo tuonapo ushujaa wake, maana Semboja, aliyeuwasha moto huo, ndiye aliyekuwa bwana wake. Ni rahisi kueleza makosa ya adui. Ni kazi nzito kusimulia vita ya mtu aliyekulisha. Tena hakutosheka kusema kwamba watu wameuawa. Alifuata chanzo cha ugomvi: urithi, wivu wa ndugu, tamaa ya mali na biashara ya watumwa. Mwandishi ahesabuye maiti bila kutafuta sababu amefanya nusu ya kazi.

Twaweza kuupima uzito wa kazi hiyo kwa kesi moja. Mwaka ule ule wa 1895 Wadachi walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, kwa kosa la kuua mtu. Kwa sheria ya wageni, Mputa alikuwa mwuaji. Lakini asomaye Habari za Wakilindi hutambua kwamba mfalme wa Vugha alikuwa na mamlaka juu ya uhai na kifo cha raia zake. Haisemwi kwamba kuua ni haki. Bali kesi ya mauaji haieleweki kwa hukumu peke yake, pasipo kuijua nchi ilimotokea.

Walakini sifa isitupofushe. Abdallah aliandika akiwa upande wa baraza la wakubwa. Majina ya watawala ni mengi; majina ya wakulima waliouzwa ni machache mno. Naye mwandishi wa leo yuko katika hatari hiyo hiyo, kwani kifo cha mkubwa hupewa ukurasa wa kwanza, na kifo cha mkata wa shambani hupewa mistari miwili. Mkulima wa Vugha na mkata mkonge wa Mnazi, kule chini ya milima ya Lushoto, damu yao ina rangi moja na ya mfalme.

Kitabu kilichapishwa upya mwaka 1962, na tafsiri yake ya Kiingereza ikafuata mwaka 1963. Kama vile mali isiyo na daftari ipoteavyo bila habari, ndivyo wafu wetu wangalivyopotea bila kalamu ya Abdallah. Kijana utakaye kuandika habari za mauaji, usikimbilie kalamu kabla hujasikia pande zote mbili. Andika jina la aliyekufa, hata kama hana jamaa wa kulidai. Hiyo ndiyo heshima ya mwisho impasayo.