Herbrand Russell: aliyeokoa kulungu wa China na kuwaachia Waingereza mzigo wa kindi

Kaskazini mwa Uingereza, watu wa kujitolea huamka alfajiri kwenda kukagua mitego ya waya waliyotega msituni. Wakikuta kindi mwekundu ndani ya mtego, wanamfungulia aende zake. Wakikuta kindi wa kijivu, wanamuua, kwa kuwa sheria hairuhusu tena kumrudisha porini.

Kazi hiyo haina mwisho, na chanzo chake kina zaidi ya miaka mia moja. Kindi wa kijivu waliletwa kutoka Marekani na matajiri waliotaka kupamba bustani zao. Anayetajwa zaidi kati ya matajiri hao ni Herbrand Russell, duke wa 11 wa Bedford, aliyefariki mwaka 1940. Mtu huyo huyo ndiye aliyeokoa aina nzima ya kulungu wa China iliyokuwa karibu kutoweka duniani. Mambo hayo mawili yalifanyika katika bustani moja na katika miaka ile ile.

Mtoto wa pili

Herbrand Arthur Russell alizaliwa London tarehe 19 Februari 1858. Duke ni cheo cha juu kabisa cha makabaila wa Uingereza, na juu yake ipo jamaa ya mfalme peke yake. Ukoo wa Russell ulimiliki mashamba makubwa vijijini pamoja na mitaa mizima ya London, likiwemo soko la Covent Garden. Makao yao yalikuwa Woburn Abbey, jumba lililozungukwa na bustani kubwa ya miti na nyasi katika jimbo la Bedfordshire, kaskazini ya London.

Lakini Herbrand alikuwa mtoto wa pili wa kiume, na kwa desturi ya makabaila wa Kiingereza cheo na mali humwendea kaka mkubwa. Baada ya masomo ya Oxford aliingia jeshini, katika kikosi cha Grenadier Guards. Mwaka 1882 alikuwa Misri, katika vita ambavyo Waingereza walilishinda jeshi la Urabi Pasha na kuiweka nchi hiyo mikononi mwao. Baadaye alitumwa India kuwa msaidizi wa gavana mkuu, Lord Dufferin. Huko alikutana na Mary Tribe, binti wa kasisi wa Kianglikana, wakafunga ndoa mwaka 1888. Mtoto wao wa pekee, Hastings, alizaliwa mwishoni mwa mwaka huo.

Baba yake alifariki mwaka 1891. Kaka yake aliyerithi naye akafariki mwaka 1893, bila kuacha mtoto wa ndoa. Hivyo askari ambaye hakutarajiwa kurithi akajikuta duke akiwa na umri wa miaka 35, tajiri kupita kiasi, na mwenye bustani ambayo angeweza kuijaza kwa kitu chochote alichokipenda. Alichokipenda ni wanyama.

Kulungu wa Padri David

Mwaka 1865, mmisionari Mfaransa Armand David, aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea na wanyama, alichungulia ndani ya ukuta wa bustani ya mfalme wa China, kusini ya mji wa Beijing. Aliona kulungu ambao wataalamu wa Ulaya hawakuwa wanawajua. Wachina waliwaita milu. Porini walikuwa wamekwisha zamani, na kundi hilo la mfalme ndilo pekee lililobaki. Baada ya muda baadhi yao walipelekwa katika bustani za wanyama za Ulaya, na huko wakaitwa kulungu wa Padri David.

Bahati mbaya ikafuata nyingine. Mwaka 1895 mafuriko yalibomoa ukuta wa bustani ya Beijing. Kulungu wengi walitoka nje na kuliwa na watu waliokuwa na njaa. Waliobaki waliangamia mwaka 1900, wakati wa uasi wa Mabokser na uvamizi wa majeshi ya kigeni.

Kwa wakati huo duke alikuwa ameshaanza kuwanunua na kuwakusanya wale waliotawanyika katika bustani za Ulaya, mmoja hapa na wawili kule. Alipata 18, akawaweka pamoja Woburn. Si wote waliozaa, lakini waliozaa walitosha. Kulungu wote wa aina hiyo walio hai leo ni wazao wa kundi hilo dogo. Mwaka 1985, miaka 45 baada ya kifo cha duke, baadhi ya wazao hao walirudishwa Beijing, mahali pale pale Padri David alipowaona. Leo China ina maelfu yao.

Kwa jambo hilo peke yake, jina lake lingekumbukwa kwa heshima katika historia ya uhifadhi wa wanyama.

Zawadi ya kindi

Kindi wa kijivu ni mwenyeji wa misitu ya mashariki mwa Amerika ya Kaskazini. Duke hakuwa wa kwanza kumleta. Mwaka 1876, Thomas Brocklehurst aliachia wachache katika shamba lake la Henbury, jimbo la Cheshire. Mwaka 1890, wakati baba yake Herbrand angali hai, kindi kumi kutoka Marekani waliachiwa huru Woburn. Walizaliana haraka.

Alipokuwa duke, Herbrand aliwafanya kuwa zawadi. Kindi wa Woburn walisafirishwa katika mashamba na bustani za marafiki sehemu nyingi za Uingereza. Mwaka 1899 alichaguliwa kuwa rais wa Jumuiya ya Zuolojia ya London, cheo alichokishika hadi mwaka 1936. Kati ya mwaka 1905 na 1907, karibu kindi 90 waliachiwa katika bustani ya Regent's Park, katikati ya London, ambamo jumuiya hiyo ina bustani yake ya wanyama. Wakaaji wa mji walifurahi kuwalisha njugu kwa mkono.

Mnyama huyo alikuwa mzuri, mjanja, na hakuogopa watu. Aidha, wakati ule hata kindi mwekundu mwenyeji hakuwa na watetezi wengi. Huko Uskoti wenye misitu waliunda chama mwaka 1903 kwa ajili ya kuwaua, wakidai wanaharibu misonobari.

Jumuiya hiyo hiyo ina uhusiano na Kongo. Ni mbele ya wataalamu wake, mwaka 1901, okapi alipopewa jina lake la kisayansi, kutokana na ngozi na mafuvu yaliyotumwa na Harry Johnston, aliyekuwa mkuu wa utawala wa Kiingereza Uganda. Duke alikuwa rais wakati huo. Wambuti wa msitu wa Ituri walikuwa wanamjua okapi tangu mababu. London ndiyo iliyokuwa inamgundua. Taasisi hiyo ilikuwa hodari kutaja majina ya wanyama na kuhesabu meno yao. Namna mnyama mmoja anavyomwondoa mwingine katika msitu ilikuwa bado haijajifunza.

Mwenye nguvu na mwenye ugonjwa

Kindi wa kijivu ana uzito wa karibu mara mbili ya mwekundu. Anaweza kula mbegu za mwaloni ambazo hazijakomaa, na tumbo lake likazimudu kuliko la mwekundu. Kwa hiyo anamaliza chakula kabla mwenzake hajaanza kukila. Tena hubandua magome ya miti michanga, na miti hiyo hukauka au kuota vibaya.

Lakini silaha yake kubwa haionekani kwa macho. Hubeba virusi vya ndui ya kindi bila yeye mwenyewe kuumwa. Mwekundu akiambukizwa hutokwa na vidonda machoni, mdomoni na miguuni, na kwa kawaida hufa ndani ya wiki mbili. Hakuna mapigano yanayoonekana. Msitu unabadilisha wenyeji kimya kimya.

Leo inakadiriwa kuwa Uingereza ina kindi wa kijivu wapatao milioni 2.7. Wekundu hawafiki laki tatu, na wengi wao wako Uskoti. Katika sehemu kubwa ya kusini mtoto anaweza kukua hadi uzee bila kumwona kindi mwekundu isipokuwa katika visiwa vichache, kama Wight na Brownsea.

Serikali ilijaribu mapema kurekebisha mambo. Katika miaka ya 1950 ililipa fedha kwa kila mkia wa kindi wa kijivu. Mikia ililetwa kwa wingi, fedha zikalipwa, lakini kindi hawakupungua, na mpango ukaachwa. Somo lililopatikana ni kwamba kuua hapa na pale hakusaidii. Ni lazima eneo zima lisafishwe, kisha lilindwe wasirudi. Ndivyo ilivyofanyika katika kisiwa cha Anglesey, nchini Wales. Mwaka 1998 walibaki wekundu kama 40 hivi. Baada ya miaka kumi na tano ya kutega na kuua wa kijivu, wekundu wakafika mamia.

Si wote wanaokubali. Watetezi wa haki za wanyama wanasema kindi wa kijivu wa leo amezaliwa Uingereza, kama wazazi wake, na hana kosa la kumfanya auawe. Wanasema vilevile kwamba binadamu ndiye aliyekata misitu ambamo wekundu waliishi. Wanaotega mitego hawakatai kwamba mnyama hana kosa. Jibu lao ni kwamba kuacha kuua nako ni uamuzi, na anayelipa ni kindi mwekundu. Wengine wanaweka matumaini kwa mnyama mlanyama anayeitwa marteni. Nchini Ireland imeonekana kuwa anakorudi, kindi wa kijivu hupungua na wekundu hurejea. Watafiti wanatafuta pia dawa ya kuzuia uzazi.

Miaka ya mwisho

Duke mwenyewe alizeeka akiwa mtu mpweke, asiyependa wageni. Alipenda sayansi, na Royal Society ilimpokea mwaka 1908. Vita kuu ya kwanza ya dunia ilimtenganisha na mwanawe, aliyekuwa mpinga vita. Baba aliyewahi kuwa askari hakusema naye kwa karibu miaka ishirini.

Mke wake alipata furaha mbali na jumba hilo. Aliendesha hospitali Woburn, akachunguza ndege wa porini, kisha akiwa na zaidi ya miaka sitini akaingia katika mambo ya kuruka angani. Mwaka 1929 alisafiri kwa ndege hadi India na kurudi, na mwaka 1930 hadi Cape Town. Tarehe 22 Machi 1937, akiwa na umri wa miaka 71, alipaa peke yake kutoka Woburn. Mwili wake haukupatikana. Mabaki ya ndege yake yalitupwa na mawimbi kwenye pwani ya mashariki.

Mwaka huo huo wa 1937 serikali ilitoa amri ya kukataza kuingiza nchini kindi wa kijivu na hata kuwafuga. Mnyama ambaye duke alimgawa kama zawadi sasa alikuwa amepigwa marufuku na sheria, na mgawaji alikuwa bado hai. Alifariki Woburn tarehe 27 Agosti 1940, katikati ya vita kuu ya pili.

Hakuwa mharibifu. Katika miaka ile ni wachache waliowapenda wanyama kuliko yeye, na wachache zaidi waliotumia mali zao kwa ajili yao. Kulungu aliowaokoa walikaa ndani ya uzio, mbele ya macho yake, wakihesabiwa. Kindi aliowagawa walipita juu ya uzio, na tangu siku ile hakuna aliyeweza kuwaita warudi. Zaidi ya miaka themanini baada ya kifo chake, mitego inatégwa tena kila alfajiri, na wanaoitega ni watu ambao hawakupokea zawadi yoyote kutoka Woburn.