Mwariama: Jemadari wa Meru aliyetoka msituni bila kutekwa

Viongozi wengi wa vita vya Mau Mau hawakuiona siku ya uhuru, au waliiona baada ya kupitia minyororo ya mkoloni. Field Marshal Musa Mwariama wa Meru hakuuawa wala hakutekwa. Aliingia katika msitu wa Mlima Kenya akiwa kijana, akatoka humo Wakenya wakiwa tayari wanajitawala.

Mwariama, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa M'Kiribua M'Muchiri, alizaliwa mwaka 1928 katika eneo la Muthara, Tigania. Alikua wakati ambapo ardhi bora ya nyanda za juu ilikuwa mikononi mwa walowezi, na Mwafrika alilazimika kubeba kipande shingoni na kulipa kodi ya kichwa.

Chama cha Mau Mau kilipigwa marufuku mwaka 1950. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, moto ulikuwa tayari umevuka Nyeri na Murang'a na kufika Embu na Meru. Mkoloni mwenyewe aliyaweka makabila hayo katika kapu moja. Katika msako mkubwa uliofanywa Nairobi Aprili 1954, waliosombwa kwa maelfu na kupelekwa kizuizini walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru.

Vita upande wa mashariki wa mlima vilikuwa na ugumu wake. Serikali iliwatumia wazee wa Njuri Ncheke, baraza kuu la Wameru, kuwashawishi watu wakikane kiapo. Raia walihamishwa kwa nguvu hadi katika vijiji vilivyolindwa, wakashurutishwa kuchimba handaki refu kwenye ukingo wa msitu na kulijaza vijiti vilivyochongwa ncha. Lengo lilikuwa moja, nalo ni kuwanyima wapiganaji chakula na habari. Juu yao, ndege za kivita za Uingereza zilidondosha mabomu msituni.

Katika mazingira hayo ndimo Mwariama alimopata cheo chake. Pamoja naye katika eneo la Meru alikuwa Jenerali Baimungi M'Marete, na upande wa Embu alisifika Jenerali Kubu Kubu, ambaye jina lake limehifadhiwa na shule moja huko Runyenjes.

Viongozi wenzao walianguka mmoja baada ya mwingine. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikamatwa Januari 1954. Stanley Mathenge alitoweka mwaka 1955 na hakuonekana tena. Dedan Kimathi alitiwa mbaroni Oktoba 21, 1956, akanyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957. Kwa serikali ya kikoloni, vita vilikuwa vimekwisha, na hali ya hatari iliondolewa Januari 1960. Lakini Mwariama na Baimungi walikuwa wangali msituni pamoja na watu wao. Kwao, vita vilivyoanzishwa kwa ajili ya ardhi na uhuru havingekwisha kabla ya vitu hivyo viwili kupatikana.

Bendera ya Uingereza iliteremshwa usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963. Mwezi huo huo Mwariama alitoka msituni na kukutana na Jomo Kenyatta. Picha za mkutano wao zingali zinachapishwa hadi leo. Zinaonyesha kiongozi wa taifa jipya akiwa ubavuni mwa mpiganaji mwenye nywele ndefu zilizosokotana kwa miaka mingi ya porini.

Furaha hiyo haikudumu. Serikali ilitoa msamaha kwa waliosalimisha silaha, lakini haikuahidi ardhi ya bure. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa mikopo kutoka Uingereza, na Mwafrika aliyetaka kipande chake alitakiwa kukilipia. Wizara ya Ardhi yenyewe iliongozwa kwa miaka mingi na mtoto wa Meru, Jackson Angaine, ambaye pia aliwahi kuwekwa kizuizini enzi za hali ya hatari. Kwa mtu aliyetoka msituni mikono mitupu, bila shamba wala akiba, masharti hayo yalikuwa sawa na kufungiwa mlango.

Hapo ndipo njia za majemadari wawili wa Meru zilipoachana. Baimungi hakuridhika, akarudi msituni na wafuasi wake. Januari 1965 aliuawa na vikosi vya usalama, safari hii vikiwa vikosi vya Kenya huru. Jemadari ambaye Waingereza walishindwa kumpata kwa zaidi ya miaka kumi alimalizwa na serikali aliyoipigania, mwaka mmoja tu na ushei baada ya uhuru.

Mwariama alichagua kubaki uraiani. Aliishi Meru hadi alipofariki mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka 61 hivi. Wakati huo sheria iliyopiga marufuku Mau Mau ilikuwa ingali vitabuni. Wapiganaji hawakuweza kusajili chama chao, na mbele ya sheria Field Marshal huyo alizikwa akiwa mfuasi wa kundi haramu.

Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2003. Mwaka 2010 katiba mpya iliigeuza Oktoba 20 kuwa Siku ya Mashujaa. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wahasiriwa 5,228 wa mateso ya enzi hizo.

Yote hayo yalimpita Mwariama kaburini. Kizazi chake kilikuwa kimeingia msituni kudai ardhi na uhuru. Yeye aliuona uhuru. Swali la ardhi, lililomrudisha Baimungi msituni, aliliacha likisubiri jibu.