Carter G. Woodson: Mwasisi wa Wiki ya Historia ya Weusi
Mwacha mila ni mtumwa, walinena wahenga. Carter G. Woodson, aliyezaliwa Virginia, Marekani, mwaka 1875 na wazazi waliowahi kuwa watumwa, aliutetea ukweli huo maishani. Ufukara ulimpeleka migodini kuchimba makaa ya mawe. Shule ya upili aliianza akikaribia miaka 20. Mwaka 1912 alihitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Harvard. Aliamini kuwa jamii isiyofunzwa historia yake hudharauliwa, kisha hujidharau. Hivyo alishiriki kuasisi chama cha utafiti mwaka 1915, jarida mwaka 1916, na Februari 1926 akaanzisha Wiki ya Historia ya Weusi, iliyoadhimishwa hata shuleni. Alifariki mwaka 1950, kabla ya wiki hiyo kupanuliwa kuwa mwezi mzima mwaka 1976.